Nyeupe Si Moja

Wanaosema nyeupe ni nyeupe
hawajafua shuka za wodi.

Ipo nyeupe ya shuka mpya, ngumu kama barua ya mahakama.
Ipo ya shuka iliyochemshwa mara mia,
laini, karibu kuona haya.
Ipo ya plasta, ipo ya macho ya mtu anayengoja majibu,
na ipo ile ya saa kumi na moja alfajiri,
dirishani kwa madobi, upande wa Tononoka,
muadhini hajamaliza, kunguru hawajaanza.
Hiyo sijaipata katika kopo lolote.

Naitwa Mbeyu wa Chivatsi. Kazi yangu kufua.
Miaka kumi na tisa naingia kwa mlango wa nyuma,
ule wa mapipa na paka,
napokea mafurushi, nafungua mafundo.
Damu ni maji baridi; ukiitia ya moto umeipika, itakaa.
Aidini ni mkaidi.
Ile dawa ya zambarau haitoki hata kwa dua.
Zamani niliyapiga vita madoa.
Siku hizi, kabla sijayazamisha, huyatazama kwanza:
la uji, kisiwa;
la jasho, mtu mzima kalala ubavu, magoti kayakunja.

Nyumbani Mikindani, nikishazima jiko,
natandaza sakafuni karatasi ya mfuko wa saruji.
Brashi yangu mswaki uliostaafu.
Manjano ni bizari, nyeusi masizi ya sufuria,
nyekundu naomba kwa Bi Mejumaa wa mabuyu.
Samawati tu ndiyo nainunua, robo kopo,
kwa Mbohora wa Mwembe Tayari, naye haachi kuniuliza,
"Wapaka mlango gani huo usiokwisha?"

Nachora nilichokiona.
Askari wa geti akila kiazi karai kwa kujificha,
ukwaju unamchuruzika hadi kwenye saa.
Kunguru akiruka dirishani na mkate wa mgonjwa.
Mkunga Dzame kakaa ngazini, viatu kavivua,
anavitazama kama wageni.
Kitanda kilichotandikwa upya.
Hicho nimekichora mara nyingi. Sisemi kwa nini.

Mwezi wa Shaabani metroni akaniita.
"Nasikia unachora. Ukuta wa wodi ya watoto umebambuka.
Tuwekee twiga. Na maputo."
Nikasema ndiyo, bibi.
Twiga nikamweka, pembeni, nusu shingo, anachungulia.
Ukuta uliobaki nikachora wodi yenyewe,
na mama wa kitanda cha saba
amelala chini, sakafuni, ubavuni mwa kitanda cha mwanawe,
leso imemfika kidevuni, jina lake limekunjika,
lasomeka nusu: *Subira yangu...*

Metroni akakunja uso.
"Huyu mbona kalala? Hapa si gesti."
Nikakosa neno. Nikabaki nachokoa rangi kuchani.

Aliyejibu ni Fumo,
miaka sita, mguu umetundikwa kwa kamba,
tangu aletwe hajasema na mtu:
"Mwache. Usiku halali, yuanipepea.
Pale ndo analala."

Metroni akatazama ukuta.
Akatazama sakafu: kandambili, chupa ya chai,
mwenyewe hayupo, yuko foleni ya malipo.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti,
koti nililolifua mimi juzi.
"Muongezee mto," akasema, akaenda zake.

Nimemuongezea.
Ila nyeupe ya mto huo imenishinda.
Nimejaribu chokaa, nimejaribu unga wa maziwa,
nimetia jivu kidogo, nimefuta.
Fumo ananiambia umekuwa mzuri, niache.
Kesho nina zamu ya alfajiri.
Nitafika mapema kidogo, nisimame pale dirishani,
niitazame tena.